Mbwa wako anakuegemea, anakusukuma na pua, anakulamba: jinsi ya kujua anakwambia nini

Wadau, hapa Dar wengi tunafuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, ukipita Goba, Madale, Mbezi mpaka kule Kigamboni mageti kibao yameandikwa "mbwa mkali", mchana yuko bandani usiku anafunguliwa, na mtu pekee anayemgusa ni yule kijana anayempelekea ugali na dagaa. Alafu siku mbwa anakuja mwenyewe anakuegemea mguuni watu wanaogopa au wanamfukuza, na siku nyingine mtoto anamkumbatia mbwa ambaye hataki kabisa, hapo ndo balaa linapoanzia. Watoto wengi wanaong'atwa wanang'atwa na mbwa wanaemjua, wa kwao au wa jirani, na mara nyingi huyo mbwa alishasema "sitaki" mapema ila hakuna aliyemsoma. Kwaiyo tuelekezane.

Kitu cha kwanza kabisa, usisome mguso peke yake, soma mwili mzima. Mguso uleule unaweza ukawa na maana mbili tofauti kabisa. Mbwa aliyetulia mwili wake umelegea, mdomo umeachia kidogo, macho laini, mkia unatikisika mpaka kiuno kinaenda nao. Mbwa ambaye hayuko sawa anakakamaa, anafunga mdomo, masikio anayalaza nyuma, anageuza kichwa pembeni huku macho bado yanakuangalia mpaka unaona weupe wa jicho. Na hili la mkia watu wanakosea sana, mkia kutikisika sio lazima iwe furaha, mkia uliosimama juu mgumu unaotikisika kidogokidogo kwa haraka ni onyo, usipeleke mkono hapo.

Sasa tuje kwenye kuegemea. Mbwa akija akakulalia na ubavu wake mguuni, au akakukalia juu ya miguu ukiwa kibarazani, kwa kawaida anataka ukaribu tu, anajisikia salama akiwa na wewe. Utakutana na watu wanakwambia eti anataka kukutawala, eti umsukume ajue nani bosi. Hiyo habari ya mbwa kutaka ubosi ilitokana na kuchunguza mbwa mwitu (wale wanaoitwa wolf kwa Kiingereza) waliofungiwa pamoja bila kuwa ndugu, na David Mech, mtafiti wa Marekani ambaye maandishi yake ya zamani ndo yaliisambaza sana, mwaka 1999 mwenyewe alieleza kwamba porini kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao tu, hakuna cha kugombania cheo. Kwaiyo muache aegemee. Na akikuegemea huku anakutazama kwa macho laini mtazame tu na wewe, watafiti wa Japan mwaka 2015 walionyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana hivyo, homoni ya oksitosini inapanda kwa wote wawili, ileile inayohusika na upendo wa mama na mtoto mchanga. Mi hili linanigusa sana kila nikiona mbwa wa ulinzi ambaye hajawahi kushikwa hata siku moja.

Ila kuna kuegemea kwa woga. Radi za masika, fataki za mkesha wa mwaka mpya, mbwa anakuja anajibana kwako anatetemeka, anahema, mkia ameuficha katikati ya miguu. Hapo anaomba hifadhi. Mpe. Kaa nae, ongea nae taratibu, mshike kama anataka, na wala hutamzoesha woga, kinachomtisha ni ule mlio sio mkono wako.

Pua na mguu wa mbele ni maombi. Anasukuma kiganja chako na pua, maana yake endelea kunikuna, au muda wa kula umefika, au nifungulie geti. Mguu wa mbele ni hivyohivyo ila huu anajifunza haraka mno kutokana na wewe unavyomjibu, ukimpa kipande cha chapati kila akikuparua basi umemfundisha kuparua, na atakuparua hata siku umevaa nguo ya harusi. Kama hutaki, usimpige, mgeuzie mgongo kimya, akitulia miguu yote minne ikiwa chini ndo umpe unachotaka kumpa, na nyumba nzima wafanye hivyohivyo, maana dada wa kazi akimpa na wewe ukimnyima hataelewa kitu. Ukiona ameinua mguu mmoja tu hewani, halafu anajilamba pua na kupiga miayo wakati hana usingizi wala chakula hakipo, hiyo ni stresi, mpe nafasi.

Kulamba kuna sababu nyingi. Watoto wa mbwa wanalamba mdomo wa mama kuomba chakula na tabia inabaki ukubwani kama salamu ya heshima, alafu na jasho letu la Dar lina chumvi wanaipenda. Lakini ukimuinamia usoni akakulamba harakaharaka mara moja mbili huku anarudisha kichwa nyuma, huyo anakuomba usogee, usichukulie ni busu. Na tukiwa hapohapo kwenye mate, mgeni au jirani Muislamu akirudi nyuma mbwa anapomkaribia sio kwamba anamchukia, kwa Mashafii, yaani Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndo wengi huku pwani mate ya mbwa ni najisi, yakimgusa inabidi aoshe mara saba na moja wapo kwa udongo, kwaiyo mfunge kabla mgeni hajaingia. Ni adabu ndogo ila inatunza ujirani.

Akilala chali akakuonyesha tumbo angalia tena mwili. Amelegea, anajigaragaza, mdomo wazi, huyo mkune. Amekakamaa, mkia kaubana tumboni, mdomo kafunga, pengine na mkojo unamtoka kidogo, huyo anakuomba yaishe, usimguse, rudi nyuma hatua kadhaa umwache ainuke.

Njia rahisi ya kumuuliza mbwa kama anataka kuguswa ni hii, na wafundishe na watoto. Usimfuate, muite asogee mwenyewe. Mkune kifuani au pembeni ya shingo, sio utosini, na usimkumbatie, maana wengi wao kukumbatiwa wanaona wamebanwa. Hesabu mpaka tatu alafu toa mkono. Akikusogelea au akikusukuma na pua, anataka tena. Akiangalia pembeni, akijilamba midomo, akijikung'uta kama katoka kuogeshwa au akiondoka zake, amekataa na muache aende.

Kukataa sio lazima iwe hakupendi. Miezi ya joto, Desemba mpaka Machi, mbwa anapoza mwili zaidi kwa kuhema, akiwa kalala kwenye sakafu ya baridi hataki mwili wa mtu juu yake. Ila mbwa aliyekuwa anapenda kushikwa ghafla akianza kukwepa au kugeuza kichwa haraka ukimgusa kiunoni au sikioni, fikiria maumivu. Kagua kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole, na kama huoni kitu muite daktari wa mifugo.

Akikungurumia usimchape. Ukimchapa kwa kunguruma atajifunza kunyamaza, na siku nyingine atang'ata bila onyo. Simama, toa mkono, ondoka. Mchanje kichaa cha mbwa kwa ratiba ya daktari, na mtu aking'atwa au kulambwa kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 bila kukatisha, alafu nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo, usikae nyumbani kusubiri kuona kama mbwa ataugua.