Kachumbari bila nyanya: saladi ya kilichomo kwenye friji

Mwezi wa Januari, nyanya ya dukani Oslo au Minneapolis ina rangi ya nyanya na ladha ya maji ya bomba. Ukiikatia kachumbari unapata kitu chekundu kisicho na utamu wala uchachu, na pilau inaliwa kavu. Hapo wengi hukata tamaa, wakamimina sosi ya chupa juu ya majani ya mfuko, basi, hiyo ndiyo saladi ya nyumba. Hakuna haja. Kwenye kachumbari nyanya ni abiria tu. Dereva ni chumvi na ndimu. Kitunguu kilichotolewa ukali, kitu kichachu, pilipili kidogo na kitu cha kutafuna, vikutanishwe muda mfupi kabla ya kula: ukiushika mpango huo, nusu kichwa cha kabichi, karoti mbili, kopo la maharage na chapati zilizolala vinalisha watu wanne.

Maji ndiyo yanayoharibu

Mboga mbichi ni maji kwa sehemu kubwa; tango peke yake ni maji kwa asilimia 95 hivi. Chumvi huyavuta maji hayo nje. Usipoyatoa mapema jikoni yatatoka yenyewe mezani, na bakuli lako litageuka mchuzi baridi.

Kabichi ndiyo ya kuanzia, maana ni rahisi kila nchi na hukaa kwenye friji wiki kadhaa. Chukua gramu 400, ikate nyembamba kadiri kisu kinavyoruhusu, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha ifikiche kwa vidole dakika mbili mpaka uone inalegea na kung'aa. Iache dakika 20. Kamata konzi moja moja na kuikamua juu ya sinki. Itasinyaa hadi karibu nusu, na maji yatakayotoka yatakushangaza. Onja kabla ya kuongeza chumvi yoyote. Ikiwa imezidi, isuuze kwa maji baridi na ukamue tena. Kosa la kawaida ni kutia ndimu pamoja na chumvi tangu mwanzo: unapokamua, ndimu yote inakwenda na maji. Ndimu ije baada ya kukamua.

Kitunguu kinahitaji uangalifu zaidi ugenini. Vile vya ganda la kahawia vinavyouzwa kwa mifuko Ulaya na Marekani ni vikali, vinafaa kukaangwa. Vyekundu ni vya upole zaidi. Ukali wenyewe huzaliwa pale kisu kinapopasua chembe za kitunguu na kemikali za salfa zikatoka, kwa hiyo kisu butu kinachosaga badala ya kukata huongeza tatizo, machozi juu. Kata pete nyembamba, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, fikicha, osha mara mbili, kamua, kama ilivyo nyumbani. Kama huna haraka, viache ndani ya maji ya ndimu dakika 10: vyekundu vitageuka waridi na kupendeza hata kwa macho. Kata kiasi cha mlo huo tu. Kitunguu kibichi kilicholala kwenye friji hutoa harufu inayoingia hadi kwenye maziwa.

Ukitaka nyanya kwa lazima, nunua zile ndogo za ukubwa wa zabibu kubwa. Hata majira ya baridi huwa na utamu kuliko kubwa. Zikate katikati, nyunyiza chumvi, ziweke kwenye chujio juu ya bakuli dakika 15, na maji yanayodondoka usiyamwage. Hayo ndiyo msingi wa sosi yako. Usihifadhi nyanya kwenye friji isipokuwa zimeiva kupita kiasi, kwa sababu baridi huua harufu yake.

Majani yana shida nyingine. Jani lenye maji halishiki mafuta, sosi inateleza na kutulia chini ya bakuli. Baada ya kuosha, yafunge ndani ya taulo safi la jikoni na uyapunge hewani mara kumi hivi, mbali na ukuta.

Sukuma wiki isiyo sukuma

Majani yaliyojikunja yanayouzwa Ulaya kwa jina la Kiingereza "kale" ni ndugu wa sukuma wiki, ila ni magumu zaidi yakiwa mabichi. Marekani tafuta collard, ambayo inakaribia zaidi ile ya nyumbani. Yote mawili yanalika mabichi ukiyakanda. Toa uti wa kati, kata nyembamba kama unapika, kisha kwa gramu 150 za majani tia kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, robo kijiko cha chai cha chumvi na maji ya nusu ndimu. Kanda kama unga wa chapati, dakika mbili hadi tatu. Utaona rangi ikikolea na rundo likishuka. Ukiacha mapema, wageni watatafuna mpaka usiku. Uzuri wake ni kwamba tofauti na majani laini, hii haisinyai. Inabaki nzuri hadi kesho yake, hata kwenye kibakuli cha kazini.

Uchachu unatoka wapi

Viringisha ndimu kwenye meza ukiikandamiza kwa kiganja kabla ya kukata. Nzuri hutoa vijiko vikubwa viwili hivi. Ikiwa imetoka kwenye friji, itangulie kupata joto la chumba, la sivyo itakunyima sehemu ya maji yake. Ndimu ikikosekana, siki ya tufaha inafaa kabichi na maharage. Siki nyeupe ni kali, ichanganye na maji kiasi sawa na chembe ya sukari.

Ukwaju husahaulika, ingawa maduka ya Waasia karibu yote huuza ule wa pande. Kata kipande cha ukubwa wa ndimu ndogo, loweka kwenye robo kikombe cha maji ya moto dakika 10, vuruga kwa vidole, chuja. Uchachu wake ni wa giza na utamu kwa mbali, unakwenda vizuri na karoti zilizokwaruzwa na vitu vya kukaanga. Aliye Muscat au Dubai ana bahati ya sumac, unga mwekundu mchachu unaouzwa kila duka la viungo: kijiko kimoja cha chai juu ya vitunguu vilivyokamuliwa, na hapo ndimu inaweza kupumzika.

Embe bichi la kutafuna na pilipili na chumvi halipatikani kirahisi. Mbadala wa kweli ni tufaha la kijani, lile chachu linaloitwa Granny Smith. Likate njiti nyembamba ukiziangushia moja kwa moja ndani ya maji ya ndimu, la sivyo zitakuwa kahawia kabla hujamaliza kukata. Tia chumvi, pilipili ya unga, kitunguu, majani machache ya kotmiri. Vilevile, maembe magumu ya dukani yanayokataa kuiva usiyatupe wala usiyasubiri. Yale ndiyo ya saladi. Na achari ya embe iliyobaki chini ya chupa ni sosi tayari: kijiko kimoja kikubwa, kikatwekatwe, kikorogwe na vijiko vinne vya mtindi mzito.

Sosi ya karanga

Ukijifunza sosi moja tu, iwe hii, kwa sababu siagi ya karanga iko kila duka duniani. Angalia lebo: viungo viwe karanga na chumvi, yenye sukari nyingi itakupa kitu cha watoto. Vijiko vikubwa viwili vya siagi ya karanga, maji ya ndimu moja, robo kijiko cha chai cha chumvi, pilipili upendavyo, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa. Koroga. Itakaza na kukatika vipandevipande kama ugali ulioharibika, na hapo ndipo watu huimwaga wakidhani wamekosea. Endelea. Ongeza maji ya uvuguvugu kijiko kimoja kimoja, vitatu au vinne, na ghafla italegea ikawa laini kama maziwa mazito. Inatosha kabichi yote ile iliyokamuliwa pamoja na karoti mbili. Kama kuna mgeni, uliza kwanza. Mzio wa karanga ni wa hatari, na huko ugenini shule nyingi zinakataza karanga kwenye chakula cha watoto.

Tui la kopo nalo linafaa badala ya siagi ya karanga, ila usitengeneze mapema ukaweka kwenye friji. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, na saladi itatoka ikiwa na vipande vyeupe kama mshumaa.

Vitu vya kushibisha

Kopo la kawaida la maharage lina gramu 400, ukichuja unabaki na gramu 240 hivi. Suuza mpaka povu liishe, kausha, kisha yatie siki na chumvi robo saa kabla ya kuchanganya na vingine. Pamoja na mahindi ya kopo, kitunguu na parachichi inakuwa githeri baridi, na siyo mbaya hata kidogo. Ukipika maharage mekundu makavu mwenyewe, loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, na yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto. Yakiwa mabichi yana sumu ya asili, na yale masufuria ya umeme ya kupika polepole huenda yasifike joto la kuiua.

Wali uliobaki una masharti yake. Kuna bakteria ambao mbegu zao haziuawi na kuchemsha. Wali ukiachwa kwenye sufuria jikoni usiku kucha wanaamka, na kupasha moto hakuondoi sumu waliyoacha. Utandaze kwenye sinia upoe ndani ya saa moja, uingie kwenye friji, uliwe ndani ya siku moja.

Viazi vitie siki na chumvi vikiwa bado vya moto. Vikipoa havinywi tena.

Chapati za jana ndizo zinazostahili heshima zaidi. Mashariki ya Kati wana fattoush, saladi ya mkate mkavu, na chapati inaifanya kazi hiyo vizuri kuliko mkate mwembamba kwa sababu tayari ina mafuta ndani. Kata chapati mbili vipande vya ukubwa wa stempu, vitie kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, geuza kwa dakika sita au saba mpaka vikauke na kulia kriki ukivivunja. Vikibaki laini katikati vitageuka uji ndani ya bakuli. Viache vipoe kabisa, sosi itangulie kwenye mboga, na chapati ziingie mwisho, watu wakiwa wameshaketi.

Bakuli la Jumatano

Tuseme friji ina kabichi, karoti mbili, nusu tango, kitunguu chekundu kimoja na parachichi moja. Kabatini kuna siagi ya karanga. Chapati mbili zimebaki. Tia kabichi chumvi. Inapotulia, kausha chapati, kwaruza karoti, fikicha kitunguu, toa mbegu za tango kwa kijiko na ulikate. Tango refu la Ulaya lililofungwa plastiki halina haja ya kumenywa. Yale mafupi ya Marekani yenye ganda linalong'aa mara nyingi yamepakwa nta, yamenye. Koroga sosi. Kamua kabichi, changanya vyote kwa mikono, onja, na swali liwe moja: je, ndimu inasikika? Mara nyingi kinachoitwa kukosa chumvi ni kukosa uchachu. Parachichi likatwe sasa, lisichanganywe bali lilazwe juu, maana likivurugwa hufunika kila kitu kwa utelezi.

Kotmiri nunua mafungu makubwa kwenye maduka ya Waasia au ya Waturuki, hasa yenye mizizi. Marekani itafute kwa jina la cilantro, Uingereza coriander. Parsley ya majani bapa inafanana nayo kabisa, kwa hiyo fikicha jani moja na unuse kabla ya kulipa. Pilipili mbuzi hupatikana kwa jina la habanero au Scotch bonnet. Jalapeno ni ya wasioijua pilipili.

Ikibaki, saladi hiyo bila chapati wala parachichi inalala usiku mmoja kwenye chombo chenye kifuniko. Asubuhi mwaga maji yaliyotuama, ongeza ndimu kidogo, ikunje ndani ya chapati mpya pamoja na yai la kuchemsha.