Ramani ya riwaya ya fantasia: anza na maji, watu waje baadae

Wengi wanachora ramani stori ikishaisha, inawekwa kurasa za mbele kama pambo tu. Mi naichora kabla ya sura ya kwanza maana ndo inayoniambia nani atagombana na nani, na habari itachelewa wapi.

Hatua ya 1: Skeli
Penseli, rula na karatasi vinatosha, programu za kuchorea zisubiri. Andika pembeni sm 1 = km 30. Kwanini 30? Mtu akitembea kutwa kwenye njia nzuri hufika karibu hapo, kwahiyo kila sentimita ni siku moja ya safari. Milimani na kwenye msitu mnene mwendo unakuwa nusu.

Hatua ya 2: Milima, upepo, mito
Chora milima alafu mshale wa upepo unaotoka baharini. Upepo ukipanda mlima unapoa, mvua inamwagika upande huohuo, ng'ambo ya pili kunabaki kukavu. Mito ianzie juu na iungane ikishuka, isigawanyike ovyo, kugawanyika ni kwa delta huko karibu na bahari. Hapa usiwe na haraka kabisa, maana ukishajua nani ana maji na nani hana umeshapata nusu ya ugomvi wa kitabu chako bila kumbuni adui yeyote mwenye roho mbaya, ni watu wa kawaida tu wanaotaka mto uleule.

Hatua ya 3: Miji
Mji uwe na sababu ya kukaa pale: kivuko, mito inapokutana, bandari, njia ya kupita kati ya milima. Ukikosa sababu, ufute.

Hatua ya 4: Pima kila safari
Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote. Kwenye stori ninayoandika sasa kuna tarishi anatoka ngome ya mpakani kupeleka habari kwamba mfalme kafia vitani, na mwanzo niliandika anafika mji mkuu kesho yake. Nikaweka rula: sm 9. Tatu kati ya hizo ni za mlimani, kwahiyo zinakula siku 6, jumla siku 12. Yani siku 12 mji mzima unaapa kwa jina la marehemu, na binti yake anaozeshwa kwa amri ya baba ambaye ameshazikwa. Sura mbili nzima zimetoka kwenye rula, mi mwenyewe nisingezifikiria.

Hatua ya 5: Majina
Fupi tu: majina yabadilike ukivuka mlima, ila mito mikubwa iachie majina ya zamani, watawala huja na kuondoka jina la mto likabaki.

Hatua ya 6: Daftari na nakala
Andika kila umbali unaoutaja na sura uliyoutaja. Mwandishi Robert Louis Stevenson mwaka 1881 alianza na ramani ya kisiwa, riwaya yake ya Treasure Island ikazaliwa humo, alafu ile ramani ikapotea ilipotumwa kwa wachapishaji, ikabidi apitie kitabu chote akusanye kila mahali palipotajwa ndo achore nyingine ya kuendana nacho. Kwahiyo ukimaliza kuchora ipige picha leoleo, na ukihamisha mto hata kidogo rudi kwenye daftari uone ni sura zipi zimeguswa.