Kusokota kamba ya usumba kwa mikono, kuanzia kumbi hadi kitanda

Mpwa wangu ameachiwa kitanda cha kamba na marehemu bibi yake. Mbao nzima kabisa, ila kamba zimekatika. Akanijia na mzigo wa nailoni. Nikamwambia airudishe dukani, maana nailoni inavutika: baada ya miezi michache kitanda kinageuka bembea, na mafundo yake yanateleza. Usumba, yaani nyuzi za kumbi la nazi, ndio walioshonea mitepe, vyombo vya zamani vya tanga, kule Lamu, ubao kwa ubao bila msumari, na vyombo vikaenda baharini. Kitanda hakitaushinda. Bahati nzuri nilikuwa na shimo langu la makumbi pwani ya Jambiani, Unguja, lililokwisha kuiva, kwa hiyo hakungoja. Wewe itabidi ungoje.

1. Makumbi

Fua nazi kwa kifuo kama kawaida. Chagua makumbi ambayo bado yana ukijani. Yaliyokauka yakawa ya kahawia yanachelewa kulainika, na nyuzi zake ni ngumu kwa viganja.

2. Kufukia

Chimba shimo la kina cha magoti pwani, mahali maji yanapofika kila yakijaa na unapoweza kufika kwa miguu yakipwa. Ukichimba juu mno, makumbi yatakauka wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana. Ukichimba mbali mno, utakuwa unalifikia wakati wa bamvua peke yake, siku ambazo bahari inajaa sana na kupwa sana. Panga makumbi, funika kwa mchanga, kandamiza kwa mawe mazito, weka alama yako. Wako wanaofukua baada ya miezi 3. Mimi naacha 6, na sibadilishi. Vijidudu vinakula ile nyama laini inayoshikanisha nyuzi, na nyuzi zenyewe zinabaki. Ukifukua kabla ya wakati, kazi iliyobaki utaimaliza kwa mabega yako.

3. Kuponda

Yatanuka kama mayai viza, ndivyo inavyotakiwa. Weka kumbi juu ya gogo na upige kwa gongo. La kwangu ni la mkwaju, nimelichonga mwenyewe, refu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Usitumie nyundo ya chuma, inakata nyuzi. Suuza kwa maji ya bahari, ponda tena, anika juani.

4. Kusokota

Hapa soma polepole. Nilipoanza nilisokota kamba ya pima 10 (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) tangu alasiri hadi usiku wa manane, nikalala nimefurahi. Asubuhi nikaiachia ncha, ikafunguka yote mbele ya macho yangu. Nilikuwa nasokota kila kitu kwenda upande mmoja.

Chukua mafungu mawili ya usumba, kila moja unene wa penseli. Fundo liwe kwenye ncha, mtu akushikie au ulifunge kwenye kigingi. Lowesha viganja kidogo. Laza mafungu mawili juu ya kiganja cha kushoto, yaachane upana wa kidole. Sasa sukuma kiganja cha kulia mbele, kutoka kwenye kifundo cha mkono kuelekea vidole. Kila uzi unajisokota peke yake. Yakifika kwenye vidole, yakutanishe, kisha rudisha kiganja nyuma yakiwa pamoja. Nyuzi mbili zinakumbatiana kwa upande wa pili. Uzi unataka kufunguka huku, kamba inataka kufunguka kule, zinazuiana. Nguvu yote ya kamba iko hapo. Mbele zikiwa mbalimbali, nyuma zikiwa pamoja. Mpwa wangu alikuwa anayasema kwa sauti kila mkono unapokwenda, na nadhani ndicho kilichomsaidia.

Kila baada ya shibiri moja, shika kamba kwa mikono miwili na uisukume ndani ili ifunguke kidogo, uchungulie. Nyuzi zote mbili ziwe zinazungukana sawasawa. Ukiona mmoja umenyooka na mwenzake anauzunguka, fungua urudie kutoka hapo. Ule ulionyooka ndio utakaobeba mzigo wote, na ndio utakaokatika kwanza. Usijidanganye kwamba mbele itajirekebisha.

Kuunga nako kuna mambo. Unyuzi wa usumba ni mfupi, kiasi cha shibiri au chini yake, kwa hiyo unaongeza muda wote. Ongeza uzi ungali mnene. Ukingoja uwe mwembamba, umekwisha chelewa. Ingiza fungu jipya ndani ya lile la zamani vidole vinne hivi, lipite nalo mbele, ndipo urudishe nyuma. Na kamwe usiunge nyuzi zote mbili mahali pamoja. Unga wa kulia, sokota angalau upana wa kiganja, kisha unga wa kushoto. Kamba ya kwanza ya mpwa wangu tuliivuta, ikakatika mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa kwenye viungo vilivyokutana.

Viganja vikianza kuwaka, pumzika. Mkono uliochoka unasokota kwa ulegevu, na ulegevu huo hauonekani mpaka mtu alale.

5. Kuvuta na kuwamba

Funga kamba kati ya minazi miwili, ivute ikaze, isugue kwa kipande cha kumbi nywele zitoke, iache hapo usiku mmoja. Kuwamba, yaani kusuka kamba kwenye mbao za kitanda, ni kulekule kwa siku zote. Ila upande wa miguuni bakiza pima 2 bila kukata, kwa sababu kamba mpya italegea wiki za mwanzo na utahitaji kuikaza tena.