Usimbadilishie ng'ombe chakula ghafla

Mahindi yakishavunwa huku Rungwe, wengi tunamjazia ng'ombe wa maziwa pumba hadi juu, tukidhani tunamtendea wema. Ngoja kwanza. Ng'ombe hameng'enyi majani peke yake. Kazi hiyo hufanywa na bakteria walio kwenye tumbo lake la kwanza, lile kubwa ambalo kwa ng'ombe mzima huchukua lita 100 na zaidi. Hao wanaovunja nyuzinyuzi za mabua na mabingobingo hawapatani na tindikali. Ukimwaga pumba au mahindi ya kuparaza kwa mkupuo, tindikali inapanda, bakteria wanazidiwa, ng'ombe anaacha kucheua. Kinyesi kinakuwa uji wenye mapovu, na maziwa yanapungua.

Ongeza kidogo kidogo kwa wiki 2 hivi. Mimi naanza na kopo la kilo moja asubuhi, tena akishakula majani. Halafu mchana akijilaza, hesabu: tonge moja la kucheua hutafunwa mara 50 au zaidi. Wangu akishuka chini ya 40, napunguza pumba siku hiyohiyo. Jirani hunicheka akinikuta nimechuchumaa nahesabu taya.