Goti linauma ukikimbia? Jirekodi na simu kabla hujanunua raba nyingine

Mimi nimebadilisha raba mara mbili kisa goti la kulia, hela ikaenda na goti likabaki vilevile, mpaka siku mshkaji akanichukua video pale Coco Beach nikajiona mwenyewe mguu nautupa mbele huko kama mtu anayefunga breki. Kila hatua breki. Goti lingeponaje?

Weka simu slomo, fremu 240 kwa sekunde ndo nzuri, 120 nayo inafaa. Video ya kawaida ni fremu 30 na mguu unakaa chini kama robo sekunde tu, utaambulia picha saba nane tena zenye ukungu. Mtu asiishike mkononi, iegemeshe kwenye stuli au ndoo iliyofunikwa, usawa wa kiuno, mita tano hivi kutoka unapopita, ikutazame ubavuni kabisa maana ikikaa mshazari inadanganya. Fulana chomekea. Pasha mwili dakika kumi, halafu pita mara tano sita kwa spidi yako ya kila siku, na usijifanye Kipchoge kisa kuna kamera, wote tunafanya hivyo raundi ya kwanza ndo maana yangu huwa naifuta. Kisha hamishia simu nyuma yako. Mwisho wa zoezi rudia ukiwa umechoka, hapo ndo madudu yanatoka.

Sasa simamisha video palepale mguu unapogusa chini, weka rula juu ya kioo kuanzia gotini ishuke wima. Kifundo kikiwa mbele ya rula, ugoko umelala na goti limenyooka, basi unakanyaga mbali na mwili, ndo ugonjwa wangu. Kutua na kisigino chenyewe si dhambi, wakimbiaji kibao wa mbio ndefu wanatua hivyo, ishu ni kimetua wapi. Kwa nyuma angalia mkanda wa bukta: ukisimamia mguu mmoja, upande wa pili unadondoka? Magoti yanasuguana?

Dawa ya kukanyaga mbali ni hatua fupi na za haraka. Hesabu mguu wa kulia unavyogusa chini kwa sekunde 30, zidisha mara nne, hizo ndo hatua zako kwa dakika, hapo ongeza asilimia 5 tu, ikizidi sana 10. Mimi nilikuwa 160 nikaenda 168, na apu ya metronomu, ile inayopiga mdundo, sikioni, dakika moja naifuata dakika mbili naiacha. Ile 180 inayoimbwa kila mahali ilianzia kwa kocha Jack Daniels alivyohesabu hatua za wakimbiaji Olimpiki ya Los Angeles 1984, wale walikuwa wanashindana, wewe unajogi asubuhi kabla ya kazi.

Rekebisha kitu kimoja, kisichouma kiache. Paula Radcliffe, mkimbiaji wa Uingereza, alikuwa anatikisa kichwa njia nzima na bado London 2003 akapiga marathoni 2:15:25, rekodi ya dunia ya wanawake ikakaa mpaka Mkenya Brigid Kosgei alipoivunja Chicago 2019.

Baada ya wiki nne jirekodi tena, sehemu ileile, spidi ileile, ile video ya zamani usiifute. Ila kama una maumivu sehemu moja ya mfupa, ukibonyeza unaruka, au yanakuamsha usiku, achana na video nenda kamuone daktari na usikimbie mpaka akuruhusu.