Somo: Risasi zimelia na watu wamekufa, mwandishi aanzie wapi?

Hatua ya 1: Usimfanyie muuaji kazi yake. Machi 15, 2019, huko Christchurch, New Zealand, mtu mmoja aliua waumini 51 katika misikiti miwili. Mauaji aliyarusha mubashara Facebook, na waraka wake alishausambaza. Hesabu yake ilikuwa kwamba sisi tutamalizia. Waziri Mkuu Jacinda Ardern akaapa bungeni kutolitaja jina lake, na vyombo vikubwa vya habari vya nchi hiyo vikakubaliana namna ya kuripoti kesi bila kumpigia debe. Kwa hiyo jina taja pale tu habari inapolidai, tena mara moja. Video na kiungo cha waraka, hapana. Na tafadhali, usiandike "amevunja rekodi". Anayepanga kuiga anasoma pia.

Hatua ya 2: Chunga mubashara. Jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lilipovamiwa na wenye bunduki Septemba 2013, watu walijificha madukani humo wakibana pumzi. Ukionyesha askari wanapopenyea, mwenye bunduki naye ana simu. Usimpigie aliyejificha, mlio mmoja unatosha kumfichua.

Hatua ya 3: Thibitisha, kisha weka saa. Sandy Hook, Marekani, Desemba 2012, waliuawa watoto 20 na watu wazima 6 shuleni. Vyombo vikakimbilia kumtaja muuaji, kumbe wamemtaja kaka yake, mzima wa afya. Andika hivi: "Hadi saa nane mchana, polisi wamethibitisha vifo vinne, idadi inaweza kubadilika."

Hatua ya 4: Picha. Januari 2019, baada ya shambulio la hoteli ya DusitD2, Nairobi, gazeti la Marekani la New York Times lilichapisha picha ya maiti wakiwa mezani. Wakenya walihoji: ingekuwa Wamarekani, mngeiweka? Sijasikia jibu la maana hadi leo.

MASWALI

Mwalimu, kubana jina si kuficha habari?
Nimesema lisirudiwe-rudiwe, sijasema lifutwe. Nguvu peleka kwenye bunduki: aliipataje, nani aliidhinisha leseni, nani alionywa akanyamaza? New Zealand mjadala ulihamia huko, na Aprili 2019 Bunge likapiga marufuku bunduki nyingi za nusu otomatiki.

Mhariri anataka sauti ya mama wa marehemu leo leo. Nifanyeje?
Mama mwache na msiba wake. Tafuta msemaji wa familia, mara nyingi ni baba mdogo au mjomba. Mpe pole kwanza, jitambulishe, acha namba. Kamera ibaki nje ya turubai. Wakikataa, mwambie mhariri wamekataa. Na hakikisha ndugu wameshaarifiwa. Mtu asijue kifo cha mwanawe kupitia kwako.

Naweza kuandika kwamba alikuwa kichaa?
Una kauli ya daktari aliyempima? Kama huna, futa. Wagonjwa wengi wa akili hawajawahi kumgusa mtu, na jirani aliyesema "alikuwa mpole, sijui kimempata nini" si daktari.