Paka mzee mwenye ugonjwa wa figo: mambo ya kuzingatia kabla ya kuanza dawa nyumbani

Jambo la kwanza la kuelewa, kabla hujafungua chupa hata moja, ni kwamba dawa za figo haziponyi figo. Sehemu iliyokwisha kufa haifufuki. Dawa zinashusha presha, zinapunguza fosforasi (madini yanayojazana figo zikidhoofika) kwenye damu, zinatuliza kichefuchefu, na kwa njia hiyo paka anapata miezi, pengine miaka, ya kuishi bila kuteseka. Hayo yote lakini yana sharti moja: paka ale. Asiyekula anakonda, anaishiwa maji, na hata dawa zenyewe hazina pa kupitia. Ndiyo maana mimi naona maandalizi yaanzie kwenye bakuli la chakula. Sanduku la dawa lifuate.

Omba nakala ya majibu ya vipimo, usiridhike na "figo zimechoka kidogo". Madaktari wa mifugo wengi hutumia ngazi za IRIS, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa figo za wanyama, zinazogawa ugonjwa huu katika hatua 4 kwa kufuata kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huichuja. Kwa paka, chini ya maikromoli 140 kwa lita ni hatua ya 1, kati ya 140 na 250 ni ya 2, kuanzia 251 hadi 440 ni ya 3, na zaidi ya hapo ni ya 4. Hatua hupangwa paka akiwa ametulia na hana upungufu wa maji mwilini, kwani paka aliyekaukiwa huonekana mgonjwa kuliko alivyo. Upande wa pili upo pia: kreatinini hutoka kwenye misuli, kwa hiyo paka mzee aliyebaki mifupa anaweza kutoa majibu mazuri yanayodanganya. Uliza kama kipimo cha SDMA, taka nyingine ya damuni inayochujwa na figo, kinapatikana, maana hicho hakiyumbishwi sana na misuli. Uliza vilevile kuhusu protini kwenye mkojo, potasiamu, fosforasi, wingi wa damu na presha. Na tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, isisahaulike. Ikizidi kufanya kazi, jambo la kawaida kwa paka wazee, hupitisha damu nyingi kwenye figo na kuuficha ugonjwa. Siku tezi inatibiwa, figo zinajionyesha zilivyo.

Presha naitaja peke yake kwa sababu hailalamiki. Ikifika 160 na kuendelea, ile namba ya juu, macho, ubongo, moyo na figo zenyewe huanza kuumia. Wapo paka wanaogundulika siku wanapoanza kujigonga kwenye viti, mboni zimetanuka mchana kweupe: retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imebanduka. Kama hakupimwa presha, rudi akapimwe kabla hamjaendelea na mengine.

Nyumbani tafuta mzani wa kupimia watoto wachanga, au mwingine wowote unaosoma gramu. Mpime kila wiki, siku ileile, kabla hajala, uandike. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 200 amepoteza asilimia 5 ya mwili wake, na kwa macho hutaona kitu. Andika pia anavyokula, anavyotapika, ukubwa wa mabonge ya mkojo kwenye mchanga wa sanduku lake la choo, na choo chake. Kinyesi kikavu kama kokoto ni dalili ya mwili unaokaukiwa, na paka aliyefunga choo hukataa chakula.

Sasa chakula. Chakula maalumu cha figo kina fosforasi kidogo na protini iliyopunguzwa, na ni miongoni mwa matibabu machache yenye ushahidi mzuri wa kurefusha maisha ya paka hawa. Kosa kubwa ni kukianzisha wakati mbaya. Paka akipewa chakula kipya huku tumbo linamchafuka, anakihusisha na kile kichefuchefu na anaweza kukichukia moja kwa moja. Kwa hiyo kichefuchefu kitulizwe kwanza. Dalili zake ni kulamba midomo, kumeza mate, kusogelea bakuli, kunusa, kisha kugeuka na kuondoka. Akishakula vizuri, changanya kijiko kimoja cha kipya kwenye cha zamani, uongeze taratibu kwa wiki kadhaa. Cha majimaji ni bora kuliko kikavu, na ukikipasha moto kidogo harufu hupanda. Akigoma kabisa, mpe anachokubali, kisha mzungumze na daktari kuhusu dawa ya kufunga fosforasi, yaani inayoinasa tumboni isiingie kwenye damu. Paka anayekula chakula kisicho cha figo ana nafuu kuliko anayekaa na njaa mbele ya chakula sahihi. Akipita siku nzima bila kula piga simu, kwani mafuta huanza kujazana kwenye ini.

Hiyo dawa ya kufunga fosforasi lazima ikutane na chakula tumboni. Ukimpa saa tatu baada ya mlo, umeipoteza. Amlodipini ya presha mara nyingi huanza na miligramu 0.625 kwa siku, yaani sehemu moja ya nane ya kidonge cha miligramu 5 cha binadamu. Jaribu kukigawa kwa kisu cha jikoni uone unga unavyoruka! Nunua kikata vidonge, au uliza kama ipo dawa iliyotengenezwa kwa kipimo cha paka. Mirtazapini ya kuamsha hamu ya kula hukaa mwilini muda mrefu kwa paka mwenye figo dhaifu, ndiyo maana ile ya vidonge mara nyingi hutolewa siku moja, ikarukwa moja. Akianza kulialia usiku kucha na kutotulia, dozi imezidi, mwambie daktari. Ukisahau dozi yoyote, usimpe mbili kwa pamoja.

Namna ya kumpa ifanyie mazoezi mapema. Mweke mezani mgongo wake ukiegemea kifua chako, inua kichwa, fungua taya ya chini kwa kidole, tupa kidonge nyuma kabisa ya ulimi. Halafu mpe mililita 5 za maji kwa bomba lisilo na sindano, kupitia pembeni ya mdomo, polepole. Kidonge kikavu kinaweza kukwama kwenye umio na kuuchoma. Na tafadhali usifiche dawa chungu kwenye chakula chake cha kila siku, hapo ndipo wengi wanapopoteza vyote viwili.

Kama ameandikiwa maji ya kudungwa chini ya ngozi, omba ufundishwe kwa vitendo kabla ya kuondoka kliniki. Aghalabu ni Ringa lakteti, maji ya dripu yenye chumvichumvi, mililita 100 hadi 150 kwa mara moja. Yapashe yafikie joto la mwili, ingiza sindano mpya kwenye ngozi iliyovutwa juu mabegani, na usishtuke uvimbe ukiteremka hadi mguuni; utanyonywa. Paka mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kuzidiwa na maji haya, hivyo moyo uchunguzwe kwanza. Maji yenye glukosi hayafai kuwekwa hapo.

Kwenye kabati lako la dawa, parasetamoli ni sumu inayomuua paka hata kwa kipande kidogo, na ibuprofeni au diklofenaki zitamaliza figo zilizobaki. Kila daktari mpya anayemgusa aambiwe ana figo mbovu kabla ya kumwandikia dawa ya maumivu au kumlaza kwa nusukaputi.

Mtafute mapema mtu wa pili anayeweza kumpa dawa ukisafiri, mfundishe paka akiwa bado mtulivu. Mkubaliane na daktari dalili za kumleta bila kusubiri: kutokojoa, kupofuka ghafla, kutapika mfululizo, shingo kulegea na kuinama, ambayo mara nyingi ni potasiamu iliyoshuka. Panga pia tarehe ya kurudi kabla hujatoka mlangoni. Presha hupimwa tena wiki moja au mbili baada ya kuanza dawa, damu baada ya wiki chache, na akitulia, kila miezi 3 hadi 6.